Héritier Lumumba na bei ya kunyamaza

Desemba 2010 Kongo nzima iliruka kwa makalio. TP Mazembe, Kunguru wa Lubumbashi, waliwafunga Internacional ya Brazil mabao 2-0 kule Abu Dhabi, wakawa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, na kila mtoto mwenye mpira wa matambara alitaka kusherehekea kama kipa wao Kidiaba, aliyerukaruka kwa makalio. Kwamba Inter Milan waliwapiga 3-0 kwenye fainali yenyewe, hilo halikumnyima mtu usingizi.

Miezi miwili na siku kadhaa kabla ya hapo, klabu nyingine ya jezi nyeusi na nyeupe, nayo ikiitwa kwa jina la ndege mwenye rangi hizo hizo, ilikuwa imetwaa ubingwa mjini Melbourne. Ni Collingwood. Katika safu yake ya ulinzi alikuwemo kijana wa miaka 23 ambaye baba yake ni Mkongo. Waaustralia walimjua kama Harry O'Brien. Jina lake hasa ni Héritier Lumumba. Habari zake hazikupanda milima ya Masisi kwetu Kivu, wala hazikushuka misitu ya Walikale, na sishangai. Huo mchezo aliokuwa akiucheza hatuuchezi.

Ninamwandika leo kwa sababu ya jibu ninalolisikia kila kisa chake cha kubaguliwa klabuni kinapotajwa. Alilipwa, alipata kombe, alijenga jina. Si angenyamaza tu? Wanaolisema ni watu wazima wenye busara, tena wengine ni wazazi. Jibu hilo naliona la hatari, hasa kwetu sisi ambao ndugu zetu wametoka kambi za wakimbizi za Uganda, Burundi na Tanzania kwenda kuishi Brisbane, Adelaide na Perth, na watoto wao sasa wanavaa jezi za shule za huko.

Kwanza mchezo wenyewe, maana anayefikiria futiboli ya Mazembe atapotea. Tereni ina umbo la yai na ni kubwa kuliko yetu. Kila ekipe inaingiza wachezaji 18. Mpira una ncha mbili; unaupiga kwa mguu au unaugonga kwa ngumi kumpa mwenzako, kuurusha kwa mkono ni kosa. Kila upande una nguzo nne bila wavu: ukipitisha mpira kwa mguu kati ya nguzo mbili za katikati unapata pointi 6, ukipita pembeni pointi 1. Kanuni zake za kwanza ziliandikwa Melbourne mwaka 1859, miaka minne kabla Waingereza hawajakubaliana kanuni za futiboli yao. Ni mchezo wa mbio ndefu na wa kugongana bila kofia ngumu.

Lumumba alizaliwa Rio de Janeiro tarehe 15 Novemba 1986, mama Mbrazili, baba Mkongo mwenye asili ya Angola pia. Akiwa bado mtoto mdogo alipelekwa Perth, magharibi ya Australia, na huko akakua akitumia jina la ukoo la baba wa kambo. Alichezea Claremont, klabu ya mji ule. Kule vijana hawachagui klabu, klabu ndizo zinazowachagua kwa zamu, na yeye hakuchaguliwa na wale wa kwanza. Collingwood ilimchukua kupitia orodha ya wanagenzi, mlango wa nyuma wanaopitia vijana ambao hakuna aliye na hakika nao. Akavuka bara zima kwenda Melbourne. Mwaka 2005 akacheza mechi yake ya kwanza, na hadi anaondoka Collingwood alikuwa amecheza 199. Alikuwa beki wa kutoka na mpira, mwenye mbio, wa kuanzisha shambulio kutoka nyuma.

Fainali ya 2010 inastahili kusimuliwa. Tarehe 25 Septemba, mbele ya watu zaidi ya 100,000, Collingwood na St Kilda walimaliza sare ya 68 kwa 68. Kanuni ya wakati ule ilisema sare hairefushwi dakika, mechi yote inarudiwa wiki inayofuata. Tarehe 2 Oktoba Collingwood wakashinda 108 kwa 52, ubingwa wao wa kwanza tangu 1990. Mwaka huo huo Lumumba aliingizwa katika kikosi bora cha ligi nzima.

Msomaji mwenye umri ameshakumbuka kitu. Machi 1974, Cairo, Zaire na Zambia walitoka sare ya 2-2 katika fainali ya Kombe la Afrika, na fainali ikarudiwa siku mbili baadaye. Zaire 2, Zambia 0. Mabao yote manne ya siku zile mbili yalifungwa na mtu mmoja, Ndaye Mulamba, aliyemaliza mashindano na mabao 9, idadi ambayo hakuna aliyeifikia katika Kombe moja la Afrika tangu siku ile. Na tunajua yaliyompata. Mwaka 1994 alialikwa Tunis kuenziwa. Aliporudi nyumbani watu wenye silaha, waliodhani amekuja na fedha, walimvamia na kumpiga risasi mguuni. Akakimbilia Afrika Kusini. Mfungaji wa mabao 9 akalinda magari ya watu Cape Town. Mwaka 1998, kwenye Kombe la Afrika kule Burkina Faso, uwanja ulisimama dakika moja kumwombolezea kwa sababu ilivuma amekufa, naye yu hai. Alifariki kweli Januari 2019, Johannesburg.

Kwa hiyo mtu asiniambie mimi Mkongo kwamba kombe linamtosha mchezaji. Sisi ndio tunaojua kuliko wote kwamba halitoshi.

Turudi Melbourne. Usiku wa tarehe 24 Mei 2013, Adam Goodes wa Sydney Swans, Mwaborijini na mmoja wa wachezaji wakubwa kabisa wa mchezo ule, aliitwa nyani na msichana wa miaka 13 aliyekaa upande wa washabiki wa Collingwood. Rais wa Collingwood, Eddie McGuire, alishuka usiku ule ule kumwomba Goodes radhi. Vizuri. Siku chache baadaye, McGuire huyo huyo, ambaye pia alikuwa mtangazaji, akiwa hewani redioni, akatania kwamba Goodes angefaa kuletwa kutangaza mchezo wa jukwaani wa King Kong. King Kong ni ngagi wa filamu. McGuire aliomba radhi tena. Lakini aliyesema hadharani kwamba jambo hilo halikubaliki alikuwa mchezaji wake mwenyewe, beki wa timu, aliyekuwa bado anaitwa O'Brien.

Mwajiriwa kumpinga bosi wake mbele ya nchi nzima, tuseme kweli, hata hapa kwetu angeitwa mkosefu wa adabu. Lumumba amesimulia kwamba ndani ya klabu ndivyo alivyoonekana: aliyemsaliti rais. Mwishoni mwa mwaka ule akatangaza kwamba anarudia jina lake, Héritier Lumumba. Mwaka 2014 akahamia klabu nyingine ya mji ule ule, Melbourne, akacheza mechi 24 katika misimu miwili, na mwisho wa 2016 akaacha mchezo kwa sababu ya madhara ya kugongwa kichwa. Mechi 223 kwa jumla. Akaenda kuishi Los Angeles.

Jina hilo alilolirudia, si kila mtu angelibeba. Héritier hakulichagua, ni lake, lakini Mkongo hawezi kulisikia bila kukumbuka tarehe 30 Juni 1960. Ratiba ya sherehe ile ya uhuru haikuwa na hotuba ya waziri mkuu, Patrice Lumumba. Mfalme Baudouin alikuwa ameshausifu ukoloni wa jamaa yake Léopold wa Pili, Rais Kasavubu alikuwa ameshajibu kwa upole, na Lumumba alitarajiwa kukaa kitini akipiga makofi. Akasimama. Na miongoni mwa mambo aliyoyataja mbele ya mfalme, pamoja na kazi ya shuruti na ardhi iliyoporwa, lilikuwamo jambo dogo la namna mtu mweusi alivyosemeshwa: alivyoitwa bila heshima, kama mtoto, na mtu aliyedai heshima yote kwa ajili yake mwenyewe. Wazungu wengi ukumbini waliona hayo ni mambo madogo ya kukumbusha siku kubwa. Miezi isiyofika saba baadaye, Januari 1961, aliuawa, na kilichorudi kutoka Ubelgiji Juni 2022 ni jino moja.

Sisemi beki wa Collingwood ni shujaa wa uhuru. Nasema malalamiko yao yanafanana kuliko tunavyopenda kukiri, na majibu waliyopewa pia yanafanana: wakati haufai, mahali si pake, mbona jambo lenyewe dogo.

Hilo dogo ni lipi? Mwaka 2017 filamu juu ya maisha yake ilionyeshwa kwenye televisheni ya Australia, na humo Lumumba akaeleza kwamba kwa miaka, ndani ya Collingwood, wenzake walimwita kwa jina la utani la sokwe. Klabu haikulipokea hilo vizuri. Baadhi ya waliocheza naye wakathibitisha kwamba jina lilikuwepo. Wengine walisema walichosema watu wote tangu mwanzo wa dunia: ulikuwa utani tu, na mwenyewe alikuwa akiitika.

Hapa naomba tusimame kidogo. Sisi wa Kivu ni majirani wa sokwe na ngagi wenyewe. Hifadhi ya Kahuzi-Biega inaingia hadi Walikale, na Virunga iko mlango wa pili kwa mtu wa Masisi. Hatuna sababu ya kuwaonea wanyama hao haya. Watalii wanalipa dola nyingi kuwatazama saa moja. Mtu wa Walikale akiitwa ngagi na mjomba wake kwa sababu ana mabega mapana, atacheka. Kwa hiyo tunaweza kudhani jina lenyewe halina sumu. Lakini lina safari yake, na safari hiyo ilianzia kwetu. Ota Benga alitoka misitu ya Kongo. Mwaka 1904 akaonyeshwa kwenye maonyesho ya St. Louis, Marekani, na Septemba 1906 akawekwa katika nyumba ya nyani ya bustani ya wanyama ya Bronx, New York, pamoja na orangutani, watu wakamiminika kumtazama. Mwaka 1916 alijiua. Mwaka 1897 Wakongo 267 walipelekwa Tervuren, Ubelgiji, wakaonyeshwa kama vitu, saba wakafa na kuzikwa huko. Mwaka 1958, miaka miwili tu kabla ya uhuru, na wapo wazee wetu waliokuwa wakubwa wakati ule, kijiji cha Wakongo kilisimamishwa Brussels kwenye maonyesho ya dunia, na wageni waliwatupia watu ndizi juu ya uzio. Tarehe 1 Septemba 2019, Romelu Lukaku, mtoto wa Wakongo, akipiga penalti Cagliari, alipigiwa sauti za nyani na washabiki. Na kundi la washabiki wa klabu yake mwenyewe ya wakati ule, Inter, likamwandikia kwamba asielewe vibaya, kule Italia ule si ubaguzi, ni namna ya kumtikisa mpinzani.

Kwa hiyo sokwe wa Melbourne si mnyama wa Kahuzi. Ametoka Bronx.

Na utani tunaujua sisi. Mjukuu humtania babu, shemeji humtania shemeji, na kanuni ni kwamba anayetaniwa ana haki ya kurudisha, tena kwa ukali zaidi, na hakuna atakayemnyima ugali wala nafasi. Kijana aliyeingia kwa orodha ya wanagenzi, mweusi katika chumba cha weupe wengi, ambaye mkataba wake unasainiwa na watu wanaocheka pamoja na wenzake, atarudisha nini? Akinuna ataambiwa hana roho ya timu. Akicheka, kicheko chake kitatolewa ushahidi miaka kumi baadaye. Lumumba alicheka miaka kadhaa, naamini, kama ambavyo wengi wetu tungecheka.

Kuna jambo lisilonipa raha kuliandika kwenye ukurasa huu. Sisi tunaokasirika kwa ajili ya Lukaku tuna yetu. Keti katika jukwaa la mechi yoyote ya kartie kwa kartie, Goma au Sake, na usikilize mchezaji anavyoitwa akipoteza mpira: pua yake, urefu wake, mahali babu yake alikotoka. Jukwaa linacheka, na mwenye pua anatakiwa acheke. Mwezi Machi 1993 soko la Ntoto, Walikale, lilishambuliwa, na vita ya jirani kwa jirani ikaenea hadi Masisi. Waliokuwa wakubwa wakati ule wanajua kwamba panga zilitanguliwa na miaka ya maneno, na kwamba mengi ya maneno hayo yalisemwa kwa kucheka. Mwezi uliofuata, tarehe 17 Aprili 1993, katika uwanja wa nyumbani wa Collingwood hiyo hiyo, mchezaji Mwaborijini wa St Kilda aitwaye Nicky Winmar, baada ya kutukanwa mchana kutwa na washabiki, alinyanyua jezi yake akawaonyesha kwa kidole ngozi ya tumbo lake. Matukio mawili yasiyolingana kwa damu hata kidogo. Nayaweka pamoja kwa sababu moja tu: Collingwood ilikuwa na miaka ishirini, kutoka Winmar hadi Goodes, ya kujifunza kwamba maneno ya jukwaani ni kazi ya viongozi kuyashughulikia. Sisi tuna zaidi ya thelathini.

Waswahili wa pwani husema funika kombe mwanaharamu apite, na Collingwood ilijaribu kufunika kwa kombe halisi. Haikufaulu. Katikati ya 2020, baada ya kifo cha George Floyd, mtu mweusi aliyeuawa na polisi kule Marekani, Lumumba alisema tena, na safari hii klabu ikaagiza uchunguzi wa nje, ulioongozwa na profesa wa sheria Larissa Behrendt, mwanamke Mwaborijini. Ripoti ilivuja kwa waandishi tarehe 1 Februari 2021. Ilisema ubaguzi ndani ya Collingwood ulikuwa wa mfumo, kwamba umewaumiza kwa kina wachezaji Waaborijini na wenye asili ya Afrika, na kwamba klabu ilipoletewa malalamiko ilikimbilia kukanusha na kulinda jina lake. Ilitoa mapendekezo 18. McGuire, akiwa na ripoti kama hiyo mkononi, aliwaambia waandishi kwamba hiyo ni siku ya kihistoria na ya kujivunia kwa klabu. Tarehe 9 Februari alijiuzulu, baada ya zaidi ya miaka 20 katika kiti cha urais.

Lumumba mwenyewe alikataa kuhojiwa na uchunguzi huo. Wapo waliomlaumu: umelia miaka yote usikilizwe, unapoitwa huji? Mimi namwelewa. Alichodai ni klabu ikiri kwanza yale ambayo watu wake walikuwa wakiyajua, bila kumtaka yeye ayathibitishe upya kwa gharama yake. Mwaka huo wa 2021 aliipeleka klabu na uongozi wa ligi mahakamani, na sehemu ya waliobeba naye kombe la 2010 wakaja kumwomba radhi hadharani. Kitu kimoja hakimo katika ripoti, wala hakiwezi kuandikwa: Collingwood ingepata nini zaidi kutoka kwa beki wa kikosi bora cha 2010 kama ingemsikiliza akiwa na miaka 26, miguu yake bado mizima.

Ndipo narudi kwa wale wazazi wa Perth na Brisbane, na wale wa hapa wenye binamu huko, wanaosema mtoto avumilie kwanza apate mkataba. Nawaelewa pia. Aliyelala chini ya turubai katika kambi ya Mugunga au Nakivale hajafunzwa kuwa na masharti. Lakini klabu hizo za huko sasa zinawataka watoto wetu. Zinakuja hadi shuleni kuwatafuta, kwa sababu ni warefu na wana mbio. Mwenye kutakiwa anaweza kuuliza. Kabla ya kusaini, mzazi aulize mtoto wangu akitukanwa na wenzake atamwambia nani, na huyo nani ni mtu mwingine au ni yule yule anayepanga ekipe ya Jumamosi? Kule Collingwood lalamiko lilirudi kwa klabu ile ile iliyokimbilia kulinda jina lake, na rais wao ndiye aliyetania redioni. Na swali hilo hilo viongozi wetu wa klabu za Goma waulizwe pia, kwa sababu mpaka leo sijasikia hata mmoja akilijibu.